Mbuzi wa Ken

Kangemi, 3 Februari 2025

Carolyne,
Huna haya! Salamu baadaye. Unamtuma Kavindu wa mboga aniambie nifagie boma tena, eti Jumamosi unamleta Masila na mbuzi watatu? Na mbuzi wa Ken tulikula kwa nani, kwa jirani?

Uliniambia ni filamu ya kuchekesha. Sawa. Lakini ntheo ni ntheo: mbuzi wa posa wakishaliwa, msichana ameolewa. Ken alileta mbuzi watatu mbele ya wazee wetu, mmoja tukachinja, mzee Kaloki akaomba, nami nikatafuna nyama na haya meno yaliyobaki. Kamera ilikuwepo? Hata harusi ya binamu yako Debra kamera ilikuwepo! Kwetu wewe ni mke wa mtu. Mbuzi wa mwanamume wa pili sipokei.

Mguu unauma lakini natembea. Simu nimezima. Ukinibembeleza nalegea. Andika.

Susu wako,
Munyiva


Hurlingham, 5 Februari 2025

Kwa Susu mpendwa,
Pole na mguu. Mimi ni mzima, ila silali. Ken aliacha filamu yangu kesho yake tu baada ya ile ntheo, bila sababu. Na vile alikuwa na bidii! Nilitaka kukodi mbuzi, akakataa, akanunua wake. Sasa Masila ameshika nafasi yake ya kuigiza mchumba wangu, na kila kipande lazima kirudiwe. Bila boma lako filamu imekufa. Tafadhali, Susu.

Mjukuu wako,
Carolyne


Kangemi, 6 Februari 2025

Carolyne,
Hulali? Wacha chai ya usiku. Mimi naendelea.

Njia ni moja. Msichana akitaka kuwa huru, mbuzi hurudishwa. Wawili wako hapa wanamaliza sukuma yangu. Yule tuliyekula, nunua mwingine. Mpelekee Ken. Akishika kamba, mlete huyo Masila.

Susu wako


Hurlingham, 9 Februari 2025

Kwa Susu,
Mguu unaendeleaje? Nimewapeleka mbuzi wote watatu kwa Ken. Askari wa geti akauliza kama tunafungua bucha. Ken akashuka na malapa.

"Shika kamba," nikamwambia. "Susu ameagiza."

Akatia mikono mfukoni. "Siwapokei."

"Ken, wacha mchezo. Hapa hakuna kamera."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sishiki."

Mbuzi wakala maua ya landilodi. Nimewarudisha na pikapu, nikawaacha kwa mzee Kaloki kwa kuona haya kuja kwako, nikalia njia nzima, hata sijui kwa nini. Nifanye nini?

Mjukuu wako


Kangemi, 10 Februari 2025

Carolyne,
Mguu umepoa. Unalia ndani ya pikapu na hujui kwa nini! Shule yote hiyo!

Kijana hanunui mbuzi wake kwa kuigiza. Na kama ilikuwa kuigiza tu, angekimbia nini? Mimi sikuchagulii mume. Ukimkataa, mwambie machoni, nami nitafunga hao mbuzi getini kwake kwa mkono wangu, boma nifagie, Masila aje. Ukimtaka, basi filamu yako imepata mtu wake.

Lakini mimi usinijibu. Vaa viatu, uende kwake leo, umjibu yeye. Bila mbuzi.

Susu wako,
Munyiva