Bibi wa Kituo cha Mwisho

Eli, nimefanya jambo la aibu. Usimwambie mtu.

Nimeshuka kwenye treni huku Marekani, hapa kwenye mall ya Bloomington, kituo cha mwisho. Bibi mmoja, kanga juu ya koti la baridi, karatasi yenye namba ya simu mkononi, akanijia moja kwa moja. Nadhani aliona mkoba wangu wa kitenge.

"Mwanangu, samahani, usingizi umenipitia mpaka huku. Nisaidie kumpigia mjukuu wangu aje anichukue."

Kiswahili cha kwetu kabisa.

Na mimi nikamjibu, "Sorry, I don't understand."

Eli, I don't understand! Mimi! Ikupa wa Tukuyu!

Wala sikuwa nachelewa popote. Nilikuwa nakwenda kurudisha viatu. Niliona tu Jumamosi yangu yote itaishia kwake.

Akasema, "Haya mama, samahani kwa usumbufu," akarudi kukaa kwenye benchi.

Sijafika hatua kumi, simu ikaita. Mama, kutoka nyumbani. Nikapokea bila kufikiri: "Shikamoo mama!"

Nyuma yangu nikasikia, "Marahaba, mwanangu."

Yule bibi aliitikia, Eli. Hakufoka, hakuguna. Aliitikia tu.

Nimeshampigia mjukuu wake, yuko njiani. Tumekaa wote kwenye benchi, mimi nakuandikia wewe ili nisimtazame usoni. Hajaniuliza chochote. Bora angenitukana.

Sasa hivi ametoa andazi kwenye mfuko wake, akalikata, akanipa mimi kipande kikubwa.

Ninacho mkononi.