Njia ya Mtoni kwa Mzee Kulwa

Shangazi,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba haitakuja, lakini nisipoanza hivyo mkono utakataa kuandika.

Kwanza habari za nyumbani. Cherehani yangu bado iko Igogo, nyumba ya Buhongwa imepata bati jipya, na mwanzi wako wa kuvulia ninao mimi. Kaka zangu walitaka kuutumia kuinulia kamba ya nguo. Nikawaambia waguse waone.

Na navua vizuri, sitajishusha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pale ng'ombe wanaposhuka kunywa maji ukingo uko wazi, na kwamba kabla ya kukanyaga unawauliza wachungaji kama mamba ameonekana. Tulipofika mahali pageni mimi nilikimbilia kutazama maji, wewe ukaniita: "Nitafutie mwenye shamba kwanza, mto haukimbii." Tulipiga hodi, tukakaa, tukasalimia karibu mpaka kuku, ndipo ukaomba njia. Jioni sangara wa kwanza alibaki jikoni kwa mwenyeji. Nilikuona unatupotezea muda.

Ndivyo tulivyopata njia ya kwa Mzee Kulwa, inayopita katikati ya nyanya zake hadi kwenye kona ya mto, karibu na pale unapoingia ziwani. Miaka tisa tulipita pale. Alikuita Mwalimu hata baada ya kustaafu, na wewe ulimwambia nyanya zake zina makunyanzi kama yeye.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Kwenye msiba wako tulipiga simu hadi Musoma, lakini Mzee Kulwa hakuna aliyekuwa na namba yake. Wiki tatu baada ya kukuzika Nansio nilibeba mwanzi nikaenda. Nilimkuta anafunga miche. Akauliza, "Mwalimu hajambo?" Shangazi, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia hujambo, na unamsalimia.

Jumamosi iliyofuata akanipa viazi vitamu nikuletee. Nilivila peke yangu nikilia, na vilikuwa vitamu kweli. Wiki nyingine nikasema magoti yanakusumbua. Uongo ule ulinipendeza, nisikufiche. Pale shambani kwake ulikuwa bado mzima, una magoti, unasubiri viazi.

Nilisahau kwamba mgonjwa huendewa. Mzee alipanda gari akaja Buhongwa na jogoo kwapani, kukujulia hali. Jirani ndiye aliyemwambia. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kibarazani, kofia mkononi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningekuja kuzika." Akamwacha jogoo, akaondoka.

Jumamosi nikakuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba.

Unanijua, sikosi maneno ya kujipa moyo. Nikajisemea mto ni mrefu. Mahali pa kwanza nilikuta mafunjo matupu, pa pili wachungaji wakanikataza kwa sababu ya mamba. Pa tatu nikapata ukingo mzuri kabisa, kina kirefu, maji yametulia, na nikasimama pale na mwanzi bila hata kutia chambo. Nilikuwa nimemnyima mzee wa watu msiba wake, na nilijua.

Nikarudi kwake bila mwanzi. Nikapiga hodi, nikapewa kigoda, nikamweleza kama inavyotakiwa: ulivyoanza kuumwa, siku za hospitali, asubuhi ile, nani walikuosha, nani alihubiri, umelazwa upande gani wa kaburi la babu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka kwamba umekufa. Watu wengine wote waliambiwa na kaka zangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kivuko cha Nansio kinaondoka saa ngapi.

Sijui kama ulituona, mambo ya huko siyajui. Alisimama kaburini kwako, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, salamu zako nilizipata zote. Mjumbe wako ndiye ana matatizo." Nilicheka hadi nikakaa chini, na nilipokaa nikalia, na yeye akanisubiri bila haraka. Tuliporudi aliondoa miiba mwenyewe, na akanikataza kumsaidia.

Jogoo wake bado yupo. Anawika ovyo, nimeshindwa kumchinja.

Juzi nimepata ukingo mwingine, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja mwenye shamba la mihogo. Nilimtafuta yeye kwanza, maji sikuyatazama kabisa, ungefurahi. Akanishangaa, mwanamke na mwanzi, akauliza nani alinifundisha. Nikamjibu ni shangazi yangu, alikuwa mwalimu, amefariki. Akanipa pole. Nikaipokea, ndipo nikaomba njia.

Nakuahidi sitampelekea tena mtu salamu ambazo hukunituma. Sangara wa kwanza ataendelea kubaki jikoni kwa mwenyeji. Na kwa Mzee Kulwa nitapiga hodi hata siku ambazo sikubeba mwanzi.

Pumzika, Shangazi.

Mimi mjumbe wako mwenye matatizo,
Neema