Tembe za Lusweti

Jumapili, 2 Machi 2025
Binti yetu Mitchel ametuma chupa kutoka Nairobi. Mafuta ya samaki, vidonge laini vya rangi ya asali! Ni ya babake, Lusweti wangu – kolestro iko juu, magoti yamevimba. Amenionya kwenye simu babake asiache tembe za kolestro za kliniki. Sawa mama, nimesikia. Lusweti alimeza kimoja, akapiga mbweu ya samaki kanisani. Nilicheka mpaka mke wa pasta akanigeukia.

Jumatano, 19 Machi
Magoti yamepungua uvimbe kidogo. Miguu ndiyo bado inauma. Analaumu tembe za kliniki, eti zinamkaza misuli. Jana aliketi katikati ya miwa akalia. Mzee mzima! Sikuweza kuvumilia. Nimezificha tembe hizo kwenye debe la mahindi, nikamwambia Lusweti kwamba daktari amezisimamisha. Mafuta yatatosha. Hata Nanjala wa kwaya anasema hivyo.

Jumapili, 13 Aprili
Anatembea vizuri! Nimechinja kuku, ile ingokho nono niliyomnyima tangu Januari kwa ajili ya kolestro. Firigisi yake, ya mwenye boma, na ngozi yote juu. Akasema leo nimemkumbuka. Nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi.

Jumanne, 13 Mei
Kikombe kimemtoka mkononi. Mdomo umeenda upande. Tumempakia boda boda, nikamfunga kwangu kwa leso mpaka hospitali.

Jumatano, 14 Mei
Kiharusi. Daktari ameeleza polepole: mafuta ya samaki hushusha aina moja ya mafuta kwenye damu, labda hutuliza uvimbe kidogo. Ile kolestro mbaya hayaishushi. Hiyo ilikuwa kazi ya tembe.

Asubuhi Lusweti alifumbua macho, akaniona, akatoa ulimi. Anangoja kidonge chake kutoka kwangu, kama kila siku! Nilitoka nje nikalia.

Mitchel amefika saa nane, akasikia kwa daktari kwamba tembe zilisimama. Akauliza, Mama, nani alimwambia aache dawa?

Nilifungua mdomo. Lusweti akanitangulia.

"Mi... mi."

Neno la kwanza tangu jana. Kwa hiyo anajua nilizificha. Sijui amejua tangu lini.

Sasa Mitchel anamgombeza huku analia: Baba, kwa nini wewe ni mkaidi hivi? Yeye amefumba macho tu. Naandika daftari likiwa magotini, kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameushika kwa mkono wake mzima. Kila nikitaka kusema ukweli, anaubana.