Anwani ya Jibu

Nugegoda, 9 Mei 2006

Kwa ndugu yangu Nalaka,

Salamu nyingi kutoka Colombo. Natumai joto la Doha halijakumaliza na mgongo wako umepona. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma. Mama Somalatha, mwenye nyumba wetu, bado anauliza yule mwembamba aliyekula polepole alikwenda wapi. Nimechoka kumjibu.

Barua pepe zangu tatu hukuzijibu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari kubwa ni kwamba toleo jipya la mfumo wetu huria wa huduma za wavuti, ule tunaouandika bure na wenzetu wa ng'ambo, limetoka. Sasa programu ikituma ombi haikai tena kusubiri kama mtu aliye kwenye foleni ya pasipoti. Inaacha anwani, inaendelea na shughuli zake, na jibu linaifuata kwenye anwani ile. Limesifiwa hadi Ujerumani. Jumamosi walinikatia keki ofisini, na mkubwa wetu Ruwanthi akasema nimewafundisha watu kutosubiri. Nilikula vipande viwili, Nalaka.

Unakumbuka wazo lilivyokujia? Tulikuwa kibandani kwa Siripala, chai zimepoa, ukasema mtu anaweza kutuma barua kutoka Kandy na kutaka jibu lipelekwe Galle, na posta haioni ajabu. Nikacheka, nikakuita tarishi. Ukaandika miezi mitano, kisha ukanipa kazi yote niiingize kwenye ghala la mradi mtandaoni, kwa kuwa ufunguo, ile ruhusa ya kuingiza kazi humo, nilikuwa nao mimi na wewe bado.

Ilipopigwa kura ya kukupa ufunguo wako, wenzetu wa ng'ambo walisema jina lako hawalioni popote. Na ile nafasi ya kazi uliyoahidiwa ukipata ufunguo ikaota mbawa. Ukasema wazungu wamekudharau. Nilikubebea begi hadi uwanja wa ndege nikiitikia kwamba watu wale ni washenzi.

Si wao. Desturi ya mradi ni mstari mmoja tu chini ya kazi: imeletwa na fulani. Niliuandika, nikautazama, nikaufuta. Uliponiuliza, nikakuapia kuwa jina lako lipo. Ungefungua kumbukumbu za mradi ungeona mwenyewe. Hukufungua kwa sababu uliniamini. Nilikuonea wivu, basi. Nilikaa na ufunguo ule mwaka mzima bila kuandika kitu cha maana.

Asubuhi hii nimewaandikia wote ukweli, kwenye orodha ya barua pepe ya mradi, ambayo barua zake hazifutiki. Ufunguo nimerudisha, kazi nimeacha. Ruwanthi ameniambia ningefunga tu domo langu, maana wewe sasa unapanga makatoni ghalani huko Doha na mstari mmoja hautakurudisha. Naogopa anasema kweli.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Ukitaka kunitukana, usiandike hapa Nugegoda, kesho nahama. Andika kwa mama yangu, Matara. Posta haitaona ajabu.

Niliyekuwa rafiki yako,
Janaka