Kabla Hujatia Sahihi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko haijakuamshia kile kifua chako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza taratibu, kwa sababu ukiniuliza kwenye simu mbele ya Mama nitasema tu salama, kama kawaida yangu. Nimemkabidhi barua dereva wa wizara pamoja na mashati yako. Mama anajua habari ya mashati tu.

Nianze na ya mtaani. Tangu redio itangaze kwamba ujumbe wako umeomba muda zaidi wa kuusoma mkataba wa Umoja wa Ulinzi, watu wamekubandika jina: Bwana Ngoja Kwanza. Muuza nyama aliniuliza mbele ya foleni nzima kama nyumbani huwa unasoma masharti kabla ya kunywa chai. Watu wakaangua kicheko, nami nikasahau nilichotumwa, nikarudi na mifupa mitupu. Kinyozi ndiye aliyekutetea. Alisema afadhali wewe kuliko hao wanaotaka tuolewe siku ileile ya posa.

Shuleni nako tulikuwa na mdahalo. Unanijua nilivyo mzito wa kusema, lakini mwalimu wa historia alinisimamisha nitetee upande wa kungoja. Wenzangu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwamba nchi yetu ni ndogo, jirani ameshaleta vifaru hadi ukingo wa mto, na Umoja haumpokei aliyekwisha kuingia vitani. Tukichelewa, mlango utafungwa. Nikawajibu kwa maneno yako, kwamba ngumi ikirushwa kidole kidogo ndicho huvunjika kwanza, na kwamba tukitia sahihi leo jirani anaweza kuvuka kesho, kabla askari wa Umoja hawajafunga hata kamba za viatu. Kura zikapigwa. Nilishinda, Baba. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, nimwambie Mama.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa kimejaa. Jeshi limempa kazi ya kurekebisha sare za askari wapya, maana zote zimekatwa kwa kipimo cha mtu mnene ambaye hakuna anayemjua. Vijana huletwa kwa lori, hupanga mstari kutoka mlangoni hadi meza ya kukatia, wakitaniana kuhusu suruali zinazowavuka. Mimi nikitoka shule humshikia Mama mkebe wa pini.

Nazunguka mbuyu, Baba. Acha niseme.

Katika mstari ule alikuwamo Kaka.

Wewe unajua yuko chuoni. Hayuko, aliondoka mwenyewe, akajiandikisha. Zamu yake ilipofika Mama alikuwa na pini mdomoni, na hakuzitoa. Alimpunguza kiuno, akamkunjia upindo, akalishusha bega la kushoto bila kulipima, lile lililopinda tangu alipoanguka ngazini utotoni. Kaka alitazama ukuta kama mteja yeyote. Mama alipomaliza, alimwambia anayefuata asogee. Pini alizonirudishia zilikuwa na damu. Kaka aliponipita alininong'oneza nimtunzie vitabu vyake, na kwamba wanapelekwa kulinda daraja la mtoni.

Mama aliniapisha nisikuambie. Alisema mkono uliobeba nchi nzima usitikiswe na mtoto mmoja. Nikaapa. Lakini yeye hushona mshono, akaufumua, akaushona tena palepale. Mkataba nimeusoma gazetini mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Natafuta kifungu kitakachomtoa pale. Ukitia sahihi, Kaka yuko darajani. Usipotia, yuko darajani. Hoja zangu zote za ule mdahalo sasa zina bega lililopinda.

Kwa hiyo sikuombi utie sahihi, wala sikuombi ungoje. Nimeandika ombi la kwanza nikalichana, nikaandika la pili nikalichana pia. Nakukumbusha jambo moja tu. Ulipokuwa ukifunga sanduku lako, ulituambia kwamba huko uendako utaamua kana kwamba kila aliye kule mtoni ni mwanao. Kaka alikuwa amekuja kukuaga, amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alikusikia. Nadhani ndipo alipokata shauri.

Sasa hakuna tena kana kwamba, Baba.

Mama anakusalimu sana. Amekubadilishia kifungo cha juu cha shati la bluu, kile kilichokuwa kikikukaba. Tafadhali usimwonyeshe kuwa unajua. Muuza nyama naye nisalimie ukirudi, mimi bado simtazami usoni. Jifunike kifua, ule hata kama huna hamu, na ukiwa na neno, mpe dereva.

Mimi binti yako,
yule unayemwita Kimya.