Samaki wa Baba

Dada mpendwa,

Sisi wazima, na samaki uliomnunulia Baba wamenenepa kutushinda. Amewaweka saluni, wateja wakiwatazama husahau kulalamika wakinyolewa vibaya.

Ila mkono wake, Dada. Alijikata kidole kwa wembe, akaendelea kusugua tangi la samaki mikono mitupu. Uvimbe ulianzia kidoleni, sasa umepanda hadi kiwiko. Nilimnunulia glavu ndefu. Anazitumia kupaka wazee wenzake rangi ya ndevu.

Daktari alimuuliza, "Mzee, unafuga samaki? Maji yao huambukiza vidonda vya namna hii."

"Samaki nawajua wa kukaanga tu," akajibu.

Akapewa dawa isiyofaa. Alinisimulia mwenyewe njiani, akijisifu. Nilipomlaumu akanikemea: "Nyamaza! Binti yangu akisikia, ataona yeye ndiye aliyeniumiza. Au unawaonea wivu samaki?"

Kesho anarudi hospitali. Vidole vimekataa kushika mkasi, na usiku namsikia akigugumia kwa maumivu. Mpigie kabla hajaingia kwa daktari. Mwambie unajua yote, na hukukasirika. Mimi hanisikii. Wewe hajawahi kukunyima kitu.

Akupendaye,
Kitindamimba