Ufunguo wa Wodi Uko Kwenye Kopo la Unga

Mpendwa mshauri, nisaidie maana kichwa changu hakijui tena kulia wapi kushoto wapi, na mtu wa kumweleza sina, kila mmoja hapa ni ndugu wa mume wangu au mjumbe wa kamati yake. Mume wangu ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na baada ya kuomba miaka na miaka tukipigwa danadana serikali hatimaye ilitoa fedha tukajengewa wodi ya wazazi, nzuri, ina vitanda, ina tangi la maji, rangi bado inanukia, ila imefungwa, kwa sababu alipigiwa simu kutoka wilayani akaambiwa wodi itafunguliwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi kila akipanga kuja anaahirisha, huku nesi anazalisha akina mama kwenye stoo, kati ya maboksi na baiskeli mbovu, na mvua ikinyesha lazima mtu ashike mwavuli. Nikimwuliza mume wangu ananijibu, "Mama watoto, tukimruka mgeni tutaonekana watovu wa adabu, na lile fungu la dawa tuliloahidiwa ndiyo basi tena," naona ana hoja. Nesi naye akiniambia, "Mama, kitanda ni cha kulalia, si cha kuchungulia dirishani," naona naye ana hoja. Sasa mke wa mwanangu ana mimba yake ya kwanza na imetimia, hata kuinama avae viatu hawezi, na juzi nilipokuwa nafua koti la mume wangu nikakuta ufunguo mfukoni, sijui shetani gani aliniingia, nikauficha kwenye kopo la unga, na tangu hapo mzee anapekua nyumba nzima na mimi, Mungu anisamehe, namsaidia kuutafuta, jana tumeinua mpaka godoro. Nikimpa nesi namwaibisha mume wangu na pengine zahanati nzima inakosa dawa kwa ajili yangu, nikiurudisha mfukoni mkwe wangu anazalia kwenye maboksi, nikiendelea kuuficha sijui hata namficha nani. Nifanyeje?

Mama wa Kopo la Unga

Mama wa Kopo,

Niliposoma mlivyoinua godoro wote wawili nilicheka mpaka nikaona haya. Pole sana. Lakini mchezo huo uishe leo. Unamtesa mzee wa watu bure, na ufunguo ulio ndani ya unga haumsaidii mjamzito yeyote.

Mumeo si mtu mbaya, ila amelishikilia neno kuliko hata waliolisema. Aliambiwa mgeni "atafungua" wodi. Kwa maelezo yako, hakuna aliyemwambia aifunge. Mgeni rasmi akifungua, anakata utepe, anapigwa picha, anakunywa soda. Nesi akifungua, mwanamke analala pazuri. Neno ni moja, na kamati nzima imekwama mlangoni. Huko wilayani walikusudia nini, mimi sijui, na huenda hata wao hawajui. Na hiyo adabu aipunguze kidogo. Fedha zile hazikutoka mfukoni mwa mgeni, ni kodi, pamoja na ile unayokatwa wewe ukinunua sabuni ya kufulia koti.

Toa ufunguo, upanguse, umpe mumeo mkononi, na umwambie ukweli bila kuzunguka. Atafoka. Mwache afoke, akimaliza mpeleke stoo asimame pale kwenye maboksi atakapozaliwa mjukuu wake. Kisha yeye na nesi wampigie yule aliyepiga simu, wamwulize, "Kuna mtu alikataza wazazi wasiingie?" Wasiombe ruhusa, tafadhali, maana ukimwomba mtu ruhusa ataenda kumwuliza mkubwa wake, na mkubwa naye yuko mkutanoni. Utepe ufungwe getini, mgeni ataukata siku akifika. Ufunguo akae nao nesi, si koti.

Na uchungu ukianza kabla simu haijapokelewa, nesi afungue mlango, nawe umsaidie kutandika. Mgeni rasmi anaweza kuahirisha kufungua. Mke wa mwanao hawezi kuahirisha kujifungua.